Naitrojeni ya Hewani, Jua la Makongeni

Kuna wataalamu wanaotafuta namna ya kukusanya jua kwa vioo ili joto lake ligeuze naitrojeni ya hewani kuwa mbolea. Usijaribu hilo kwenye paa la ploti. Viwanda vya amonia hutumia nyuzijoto 400 hadi 500 na shinikizo kubwa mno, na gesi yenyewe ni sumu. Kule Naivasha, shamba la Kenya Nut lina mtambo wa kampuni ya Talus unaotengeneza amonia kwa umeme wa jua. Wewe huna mtambo. Panda kunde.

Jua ni lile lile. Majani hulitumia kutengeneza sukari, mizizi huwapa bakteria walio kwenye vinundu vyake sukari hiyo, nao huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuulipa mmea nayo.

Chukua ndoo kuukuu au gunia, toboa chini, jaza udongo na samadi kidogo iliyooza vizuri. Weka panapopata jua saa sita au zaidi. Ndoo ni bora kwa mpangaji wa mtaa kama Makongeni: siku ukihama, unahama nayo.

Usitie mbolea ya CAN wala yurea. Kunde zikipata naitrojeni ya bure, zinaacha kuwalisha bakteria.

Ukipendelea maharagwe, nunua Biofix kwenye agroveti, na uhakikishe pakiti imeandikwa maharagwe, maana ya soya ni nyingine. Ndani mna bakteria hai. Pakiti iliyoanikwa juani dirishani mwa duka, iache hapo hapo. Changanya na mbegu kivulini, kwa maji yenye sukari ili unga ushike, upande siku hiyo hiyo. Mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu huwaua bakteria hao.

Baada ya wiki tano hivi, chimbua mche mmoja kwa kijiko. Usiung'oe kwa nguvu, vinundu vitabaki udongoni. Suuza mizizi, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukisubiri mpaka uvune mbegu, naitrojeni nyingi inaondoka nazo. Kama shabaha yako ni udongo, chuma majani machache ya mboga, kisha kunde zikianza kuchanua zikate usawa wa udongo. Mizizi iache. Katakata mashina, yafukie, weka maji kidogo. Baada ya wiki mbili au tatu, pandikiza sukuma wiki kwenye ndoo hiyo hiyo.