Kupotea na Kutoonekana: Lugha ya Kueleza Hitilafu za Tarakilishi

Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili aishiye Kikuyu au Uthiru huweza kuwasha tarakilishi yake na kukuta aikoni zote za eneokazi zimetoweka, ikiwemo ya tasnifu. Akiibeba hadi Luthuli Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, na kumwambia fundi, "Faili zangu zimepotea," kauli hiyo ina athari. Kilichokwisha kupotea hakilindwi. Fundi akiichukulia ilivyo, anaweza kufuta diski na kusakinisha Windows upya, na hapo ndipo faili zinapopotea kweli. Makala haya yanaonyesha kuwa kitenzi sahihi ni sehemu ya tiba.

Hali nne na dalili zake

(a) Aikoni zimefichwa. Ukanda wa chini wa skrini upo, ila aikoni hazionekani. Hubonyezwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, ikachaguliwa View, kisha Show desktop icons.

(b) Mchoraji amesimama. Ukanda nao haupo, lakini kishale kinasogea. Programu ya explorer.exe, ichorayo eneokazi, imekwama. Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc hubonyezwa pamoja ili kufungua Task Manager. Huchaguliwa Run new task, kisha huandikwa explorer.exe.

(c) Wasifu ni wa muda. Eneokazi linafanana na la mashine mpya. Windows imeshindwa kufungua wasifu wa mtumiaji na kumpa mwingine. Kazi yoyote isihifadhiwe hapo, kwani hufutwa mtumiaji anapotoka. Faili za awali kwa kawaida zingali ndani ya kabrasha la Users, chini ya jina lake.

(d) Kiendeshaji cha michoro kina kasoro. Picha humetameta, maandishi huvimba au skrini huwa nyeusi. Katika Windows 10 na 11, vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B vikibonyezwa pamoja huanzisha kiendeshaji upya. Ikiwa tatizo lilizuka baada ya sasisho, Device Manager ina amri ya Roll Back Driver irejeshayo toleo lililotangulia, mradi toleo hilo lingalipo.

Suala la istilahi

Neno "kiendeshi" hutumiwa kwa vitu viwili: kifaa kinachosoma diski, na programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa. Anayesema "kiendeshi kimeharibika" akikusudia michoro huenda akaeleweka kuwa diski ndiyo mbovu. Kwa sababu hiyo makala haya yametumia "kiendeshaji" kwa programu na kuiachia diski "kiendeshi". Vivyo hivyo, "kupotea" hudai kuwa kitu hakipo. "Kutoonekana" huhusu jicho tu. Katika hali zote nne, kauli ya pili ndiyo yenye ushahidi.

Hitimisho

Kabla ya kumkabidhi fundi mashine, mwanafunzi aeleze kinachoonekana, kisichoonekana na kilichobadilika karibuni, kisha aagize waziwazi kuwa diski isifutwe. Aidha, nakala ya tasnifu ihifadhiwe nje ya tarakilishi hiyo.

Zoezi

Sahihisha kauli zifuatazo kwa kutenganisha dalili na dhana: "Kompyuta imekufa." "Virusi vimekula kazi yangu."