Toharani: Mahali au Hali?
Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Je, Mkristo awaombee marehemu hao, au wafiwa pekee? Jibu limefungamana na neno toharani.

Neno hili limeundwa kwa nomino tohara, yenye asili ya Kiarabu, na kiambishi tamati -ni cha mahali. Kwa Mwislamu wa Garissa, tohara ni usafi unaotangulia swala. Kwa Mkatoliki, toharani ni utakaso wa aliyefariki katika neema ilhali hajatakata kabisa. Kwa hiyo humwombea, akitegemea Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Waprotestanti hawakihesabu kitabu hicho kuwa Maandiko yenye mamlaka; wengi wao hushikilia kuwa damu ya Kristo imekwisha kutakasa. Waorthodoksi nao huwaombea wafu bila kulikubali fundisho la toharani.

Kiambishi -ni kisitupotoshe. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili alifafanua kuwa toharani si mahali bali ni hali. Basi hitilafu ya Wakatoliki na Waprotestanti haihusu wapi, bali lini utakaso hukamilika. Kwamba kichafu hakiingii mbinguni, wote wanakubaliana.