Mafunzo Niliyopata Nikichota Maji Yasiyonywewa

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilidhani kuchukua sampuli ya maji ni kuchota tu. Unafungua kisima, unajaza chupa, unapeleka maabara. Visima vyetu havikuwa vya kunywa. Vilikuwa mabomba ya plastiki ya inchi mbili, yaliyoshushwa ardhini mita 8 hadi 12 kuzunguka kituo kimoja cha mafuta jijini Dar es Salaam, ili ijulikane kama matangi ya chini yanavuja. Niliyojifunza pale, mengi niliyapata kwa aibu.

1. Pima kina kwanza, na pima kutoka alama ileile

Tepe ya kupimia kina hulia ncha yake ikigusa maji. Kusikia mlio si kazi. Kazi ni kujua unasomea wapi. Kwenye kisima namba tatu nilisomea ukingo wa mfuniko wa chuma badala ya mdomo wa bomba lenyewe. Tofauti ilikuwa sentimita 14. Kwingine ungesema si neno, lakini eneo lile ni karibu tambarare, na usawa wa maji kati ya visima vilivyoachana mita 50 hupishana kwa sentimita chache tu. Ramani niliyochora ikaonyesha maji ya chini yanatoka bondeni kuja barabarani. Msimamizi wangu aliitazama kwa muda, akauliza, "Kijana, siku hizi maji yanapanda kilima?"

Tangu hapo kila bomba langu lina mkato wa msumeno upande wa kaskazini wa mdomo, na tepe huwekwa hapo, hata akija mtu mwingine baada yangu.

2. Maji yaliyolala bombani si maji ya ardhini

Yamekaa humo wiki kadhaa, yamepigwa na hewa, yamebadilika. Lazima yatolewe. Mita moja ya bomba la inchi mbili hubeba takriban lita 2. Ukiwa na mita 5 za maji ni lita 10, na desturi ni kutoa mara tatu ya hapo, lita 30, huku ukipima joto, pH na upitishaji wa umeme. Vipimo vikitulia mara tatu mfululizo, ndipo unajaza chupa.

Mimi nilikuwa na haraka. Nilitumbukiza kopo refu la kuchotea likapiga chini kwa kishindo, tope likatibuka. Chupa ya kupima madini ya metali huwekewa asidi, na asidi ile ilifanya kazi yake hata kwenye chembe za tope. Majibu yalirudi na risasi nyingi ya kutisha. Haikuwa ya maji, ilikuwa ya udongo nilioutibua. Siku hizi natumia pampu ndogo, chini ya nusu lita kwa dakika, na maji ya kupima metali nayachuja palepale kabla ya kuyatia asidi.

3. Maji ya kumwaga nayo yana wenyewe

Hili hakuna mwongozo niliousoma uliolieleza. Kisima namba tano kilikuwa uani kwa bibi mmoja, na mtaa ule ulikuwa siku ya nne bila maji ya bomba. Nikaanza kutoa zile lita zangu 30. Kabla ndoo ya kwanza haijajaa, kina mama watatu walikuwa wamesimama na madumu.

"Mwanangu, maji yote hayo mnamwaga, na sisi tupo?"

Nikamweleza bibi kwamba huenda yana petroli. Akanusa ndoo. "Mbona hayanuki?" Kweli hayakunuka. Lakini benzini inaweza kuwemo kwa kiasi cha kudhuru bila pua kuihisi, na mimi nilikuwa nimevaa glavu huku nikimwambia mtu mwenye kiu aniamini. Tuliyapakia kwenye pipa tukaondoka nayo, kwa sababu hata kuyamwaga uani kwake kusingekuwa haki. Safari iliyofuata nilikuja na madumu sita ya maji safi garini. Fomu ya matumizi haikuwa na mstari wa gharama ile. Niliiandika chini ya "vifaa".

4. Mchafuzi anaweza kuwa wewe

Asubuhi moja nilijaza gari mafuta mwenyewe, kisha nikashika vichupa vya mililita 40 vinavyojazwa hadi kusibaki kiputo. Kilichoniumbua ni kichupa cha maji safi ya maabara, kinachosafiri na vingine bila kuingia kisimani: nacho kilirudi na toluini ya petroli. Sasa gari hujazwa jana yake, genereta hukaa upande upepo unakoelekea, na huanza kisima kinachodhaniwa safi, kichafu mwisho.

5. Andika kwenye chupa, si kwenye kifuniko

Vifuniko hubadilishana. Sitaki kusimulia zaidi.

6. Udongo wa shamba na udongo wa uvujaji havichotwi sawa

Shambani unapita kwa mwendo wa nyoka, unachota sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, unakwepa kichuguu na lilipokuwa rundo la samadi, unachanganya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati itakupa zinki yake yenyewe. Nilipofanya vivyo hivyo kwenye udongo wenye petroli, nilipochanganya mvuke ukaondoka na ushahidi ukaondoka nao. Huo haukorogwi: keekee ikitoka, unafungasha palepale, kila kina na chombo chake.

7. Kuna daftari refu kuliko lako

Bonde la Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, usawa wa maji ya visima umepimwa tangu miaka ya 1950. Uchambuzi wa rekodi ile ya miaka 55, uliochapishwa 2013, ulionyesha kwamba maji ya chini hayajazwi kila mwaka, bali hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupindukia, ukiwemo ule wa El Niño wa 1997–98. Miaka mingi mingine, aliyekwenda kupima alikuta usawa umeshuka kidogo, au ni uleule.

Nilipolisoma hilo nilifungua daftari langu. Kiangazi kizima nilikuwa nimejaza alama za "kama juu".