NANI ATAMSIMAMIA MLINZI?

Hebu tuseme kijiji chetu kina ghala la mahindi. Tumemwajiri mlinzi. Tumempa rungu, tochi na funguo. Usiku sisi tunalala, yeye yuko macho. Sasa tuseme mlinzi huyo anasinzia. Au anamfungulia jamaa yake mlango. Au anampiga mpita njia asiye na kosa. Nani atamwuliza? Rungu analo yeye. Funguo anazo yeye.

Polisi ni walinzi wa namna hiyo, ila wao wana nguvu zaidi. Wanaweza kumkamata mtu na kumfungia. Tunawahitaji, maana bila wao mwizi atatawala. Lakini mwenye nguvu asiyeulizwa huharibika. Kwa hiyo, katika kila nchi watu hujiuliza: nani atawasimamia polisi?

Katika somo la leo tutaona jinsi nchi moja, Uingereza, ilivyojaribu kulijibu swali hilo kwa kura. Hatuwaletei habari hizi ili tuige. Tunawaletea kwa sababu yaliyowapata wenzetu huko yana funzo kwa kila mtu mwenye kura mkononi.

1. KABLA YA KURA

Sehemu mbili za Uingereza, England na Wales, hazina jeshi moja la polisi kama letu. Zina majeshi 43. Kila jeshi lina eneo lake na Mkuu wake.

Zamani kila jeshi lilisimamiwa na bodi. Kwa kawaida bodi ilikuwa na wajumbe 17. Wengi wao walikuwa madiwani, na wengine waliteuliwa. Mwananchi wa kawaida hakuwapigia kura wajumbe hao kwa kazi ya kuwasimamia polisi. Wengi hata hawakujua kwamba bodi ipo. Mtu akiwa na lalamiko, hakujua aende kwa nani.

Basi mwaka 2011 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mpya. Ilisema kwamba wananchi wa kila eneo watamchagua mtu mmoja wa kuwasimamia polisi wao. Mtu huyo aliitwa Kamishna wa Polisi na Uhalifu. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika tarehe 15 Novemba 2012, katika maeneo 41. Maeneo mawili ya London hayakuhusika, kwa sababu yana utaratibu wake.

2. KAZI YA KAMISHNA

Kamishna si askari. Havai sare, wala hakamati mtu. Sheria inakataza askari aliye kazini kugombea nafasi hiyo. Kazi zake kubwa ni hizi:

(a) Kumteua Mkuu wa Polisi wa eneo, na kumwachisha kazi akishindwa.

(b) Kuandika mpango unaosema ni uhalifu gani upigwe vita kwanza. Kwa mfano, ni wizi wa majumbani au ni ugomvi wa walevi?

(c) Kupanga fedha za polisi, pamoja na sehemu ya kodi ambayo kila nyumba italipa kwa ajili yao.

(d) Kuwasikiliza wananchi na kupeleka maswali yao kwa Mkuu wa Polisi.

Lakini kuna jambo moja ambalo Kamishna haruhusiwi kulifanya. Hawezi kumwambia askari, "Mkamate fulani," au, "Mwachie fulani." Kwa nini? Kwa sababu Kamishna ni mtu wa siasa. Ana rafiki zake na wapinzani wake. Kama angeweza kuamuru watu wakamatwe, angewatumia polisi kuwatesa waliomnyima kura.

Turudi kwenye ghala letu. Msimamizi anaweza kumwambia mlinzi, "Linda zaidi mlango wa nyuma, maana wezi hupitia huko." Anaweza kumwuliza, "Juzi magunia mawili yamekwenda wapi?" Lakini hawezi kumwambia, "Mpige jirani yangu, sipatani naye." Huo ndio mpaka kati ya kusimamia na kuonea.

3. SIKU YA KURA

Sheria ilikuwa tayari. Masanduku yalikuwa tayari. Je, watu walikuja?

Lo! Wengi hawakuja. Katika kila watu 100 waliokuwa na haki ya kupiga kura, waliokwenda ni kama 15 tu. Waliobaki, kama 85, walikaa nyumbani.

Tena kuna kituo kimoja huko Wales, katika mji wa Newport, ambacho hakikupata hata mpiga kura mmoja. Kituo kilifunguliwa saa 1 asubuhi. Kikafungwa saa 4 usiku. Sanduku lilikuwa tupu kama lilivyoletwa.

Kwa nini watu hawakuja? Sababu zilikuwa nyingi. Novemba kwao ni mwezi wa baridi, na giza huingia mapema. Tena siku hiyo haikuwa siku yao ya kawaida ya uchaguzi. Wengine hawakupenda siasa iingie katika mambo ya polisi, wakasusa.

Lakini kuna sababu moja inayotugusa sisi wa kisomo. Serikali haikugharimia makaratasi ya wagombea yapelekwe kwenye kila nyumba. Habari za wagombea ziliwekwa kwenye intaneti. Asiye na intaneti ilimbidi apige simu aombe karatasi. Basi watu wengi hawakujua nani anagombea, wala anataka kufanya nini. Walijua kusoma, lakini hawakupata cha kusoma. Na mtu asiyewajua wagombea atachagua nini?

Chaguzi zilizofuata zilikuwa na nafuu. Mwaka 2016 uchaguzi ulifanyika mwezi wa Mei, siku moja na chaguzi nyingine. Waliojitokeza walizidi robo. Mwaka 2021 walifika kama theluthi. Lakini mwaka 2024 walipungua tena, hawakufika robo.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme eneo lina wapiga kura 100. Waliokuja ni 15. Mshindi akapata kura 8. Basi watu 8 wamewachagulia watu 100 msimamizi wa polisi wao. Je, wale 85 wameonewa? Hapana. Kura zao walibaki nazo wenyewe nyumbani.

4. MSIMAMIZI ASIYEONDOKA

Wenzetu walipata funzo jingine, tena lenye uchungu.

Kaskazini mwa England kuna eneo linaloitwa South Yorkshire. Ndani yake uko mji wa Rotherham. Mwezi wa Agosti 2014 ilitolewa taarifa ya uchunguzi juu ya mji huo. Ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400, wengi wao wasichana, walinajisiwa na magenge ya watu waovu kati ya mwaka 1997 na 2013. Baadhi ya watoto na wazazi wao waliwahi kulia mbele ya wakubwa. Lakini halmashauri ya mji na polisi hawakuwasikiliza ipasavyo.

Kamishna wa eneo hilo, Shaun Wright, alikuwa amechaguliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, kutoka mwaka 2005 hadi 2010, yeye ndiye aliyekuwa diwani mwenye dhamana ya huduma za watoto katika mji huo huo. Watu wakamtaka ajiuzulu. Yeye akasema hakujua ukubwa wa maovu yale, na kwamba amechaguliwa na wananchi. Akakataa kuondoka.

Basi watu wakatafuta njia ya kumwondoa. Wapi! Njia haikuwepo. Sheria ilikuwa imeweka kamati ya madiwani ya kumwangalia Kamishna. Kamati hiyo ilikuwa na haki ya kumwita na kumhoji. Ilisema wazi kwamba haina imani naye. Lakini haikuwa na uwezo wa kumfukuza. Hata Waziri Mkuu wa nchi alitamka kwamba mtu huyo aondoke, lakini naye hakuwa na uwezo huo. Mwisho aliondoka mwenyewe, tarehe 16 Septemba 2014, baada ya majuma kadhaa ya makelele.

Uchaguzi wa kujaza nafasi yake ulifanyika tarehe 30 Oktoba mwaka huo huo. Mtu angedhani watu watafurika vituoni, maana uchungu ulikuwa bado mpya. Lakini waliokuja walikuwa tena kama 15 katika kila 100.

Ndugu Wasomaji, tuitazame habari hii vizuri. Ina makosa mawili. Kosa la kwanza lilikuwa katika sheria: ilifungua mlango wa kumwingiza msimamizi, ikasahau mlango wa kumtoa kabla ya miaka minne kwisha. Kosa la pili lilikuwa kwa wapiga kura: wengi walikasirika, lakini hasira yao haikufika kwenye sanduku.

5. KAZI INAYOFUTWA

Mwezi wa Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kazi ya Kamishna itafutwa, muhula utakapokwisha mwaka 2028. Usimamizi wa polisi utachukuliwa na mameya waliochaguliwa. Mahali pasipo na meya wa namna hiyo, utachukuliwa na bodi za viongozi wa halmashauri. Serikali ilisema kwamba wananchi wengi hawawajui makamishna wao.

Je, ina maana kura ilikuwa bure? Sisi hatusemi hivyo. Wako makamishna waliofanya kazi nzuri, na walikuwa na jina na anwani ambayo mwananchi angeweza kuiandikia. Tunachosema ni kwamba kura ni mbegu. Ukiipanda ukaiacha, magugu yataisonga. Inataka palizi, na palizi yake ni maswali.

6. NA SISI JE?

Hapa kwetu Tanzania polisi hawasimamiwi na mtu aliyechaguliwa na kijiji. Jeshi la Polisi ni moja kwa nchi nzima, na Mkuu wake huteuliwa na Rais. Lakini ulinzi wa kijiji una sehemu iliyo mikononi mwetu.

Kila miaka mitano tunamchagua Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji. Halmashauri ina wajumbe kuanzia 15 hadi 25. Ndani yake iko Kamati ya Ulinzi na Usalama. Mambo kama zamu za usiku na michango ya ulinzi huzungumzwa na watu hao. Juu yao kuna Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wetu sote tuliotimiza miaka 18, mwanamke na mwanamume, mkulima na mfugaji, na unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu.

Sasa tuulizane kwa ukweli. Mara ngapi tumesikia mbiu ya mkutano, tukasema, "Ah, wataenda wengine"? Halafu usiku mlinzi akimpiga kijana wetu, au mchango wa ulinzi usipojulikana umekwenda wapi, tunanung'unika kilabuni na kisimani. Mnung'uniko wa kisimani hauandikwi katika kumbukumbu za mkutano. Swali lililoulizwa mkutanoni huandikwa.

Zamani mtu angeweza kusema, "Mimi sijui kusoma, nitauliza nini?" Leo wewe unayesoma gazeti hili huna udhuru huo. Unaweza kusoma orodha ya wagombea. Unaweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Unaweza kudai stakabadhi na kuangalia kama tarakimu zake ni sawa na fedha uliyotoa. Kisomo hakikuletwa ili tujue kuandika majina yetu tu. Kililetwa ili mtu mzima aweze kusimama na kuuliza kwa adabu: "Ndugu Mwenyekiti, naomba kujua."

Kwa hiyo tushike mambo manne:

(a) Tuwajue wagombea kabla ya siku ya kura. Tuwaulize: ulinzi utaufanyaje?

(b) Siku ya kura twende. Asiyekwenda amechaguliwa msimamizi na wenzake.

(c) Baada ya kura tuhudhurie mikutano. Hapo ndipo kazi inapoanza.

(d) Tumheshimu mlinzi anayefanya kazi yake kwa haki. Kumsimamia mtu si kumdharau.

Mlinzi wa ghala akijua kwamba kesho asubuhi ataulizwa, hasinzii.

MANENO YA KUJIFUNZA

Dhamana – kazi au jambo ambalo mtu amekabidhiwa, na ataulizwa juu yake.
Muhula – muda uliowekwa wa kushika kazi.
Kujiuzulu – kuacha kazi au cheo kwa kutaka mwenyewe.
Stakabadhi – karatasi ya kuonyesha kwamba fedha zimepokelewa.
Udhuru – sababu ya kutofanya jambo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kamishna wa Polisi na Uhalifu anaruhusiwa kufanya nini? Haruhusiwi kufanya nini, na kwa nini?

2. Eneo lina wapiga kura 400. Waliopiga kura ni 60. Ni watu wangapi hawakupiga kura? Katika kila watu 100, ni wangapi walipiga?

3. Watu wa South Yorkshire walikosa nini katika sheria yao?

4. Wataje wajumbe wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya kijiji chako. Kama huwajui, utawajuaje?

5. Andika swali moja ambalo ungependa kuliuliza katika Mkutano Mkuu ujao. Liandike kwa sentensi fupi. Mkutano ukiitishwa, nenda nalo.