Pikapu Tupu Katika Barabara ya Vumbi

SWALI: Pikapu yangu hutulia ikiwa na shehena ya mahindi, lakini nirudipo tupu katika barabara iliyojikunja kama bati, sehemu ya nyuma huruka na kuteleza kandokando. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo ni tabia ya pikapu nyingi, kwa kuwa springi zake za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopandana, ziliundwa kustahimili mzigo mkubwa, na zikosapo mzigo huwa ngumu hata gurudumu, badala ya kuifuata ardhi, likairukaruka, na gurudumu lisilogusa ardhi halimtii dereva.

Awali tazama upepo: ikiwa ulizijaza tairi za nyuma kwa ajili ya shehena, zirudishe kwenye kipimo cha gari tupu, ambacho aghalabu huandikwa penye mlango wa dereva. Kisha fundi azikague shokapu, maana zilizochoka haziwezi kuuzuia mtikisiko; na kama uliwahi kuongeza bapa la springi, fikiri kuliondoa, madhali hubebi mizigo mizito daima. Tena, mchanga wa kilo 100 hivi katika mifuko, ukifungwa imara juu ya ekseli, huleta utulivu. Usipofungwa ni hatari.

Walakini dawa iliyo bora kuliko zote ni kupunguza mwendo kabla ya kufika konani, wala si ndani yake, na kujiepusha na breki za ghafula. Kwani chuma hununulika, bali roho hainunuliki.