Kulala Porini Peke Yako: Faragha na Kutoroka



Somo la leo linaanzia Marko 1:35. Andiko mnalijua. Yesu ameshinda Kafarnaumu akiponya wagonjwa mpaka jua limekuchwa, mji mzima umejaa mlangoni. Alfajiri, giza bado lipo, anaamka, anatoka, anakwenda mahali pasipo na watu kusali. Mstari huu tunaupenda sana, tunauweka kwenye status na tunauchapa kwenye fulana za mafungo. Shida ni kwamba wengi tunaishia hapo hapo. Hebu fungua Biblia usome na mstari wa 36 mpaka wa 38. Simoni na wenzake wanamtafuta, na wanampata. Bwana hakasiriki wala hasemi kwamba wamemharibia sala. Anawaambia waende vijiji vya jirani akahubiri huko pia, na safari inaanza.

Walijuaje pa kumtafuta? Marko hasemi. Lakini Yohana, katika sura ya 18, anasema jambo linalonishangaza kila ninapolisoma: Yuda alipajua mahali Yesu alipokwenda usiku ule, kwa sababu Yesu alikuwa na desturi ya kukutana hapo na wanafunzi wake. Yaani hata msaliti alipajua. Na Luka (22:41) anapima umbali kabisa: Yesu alijitenga na wanafunzi kiasi cha mtu kutupa jiwe. Hakwenda zaidi ya hapo. Katika usiku mgumu kuliko yote, Mwana wa Mungu alitaka kuwa peke yake, na alitaka pia rafiki zake wawe karibu kiasi cha kusikia akiita. Kwamba walisinzia ni habari nyingine.

Nayasema haya kwa sababu ya pikipiki. Wanaonifahamu wanajua kila mwaka mwezi wa saba nafunga hema kwenye keria, najaza tangi, natoka Dodoma kwenda kulala porini siku mbili tatu, mwenyewe. Huwa siandiki sana habari hizi, maana si kila kitu ni cha kuposti. Lakini kuna kijana alinitumia ujumbe (mambo yake mengine nimeyabadilisha asitambulike). Aliandika: “Kaka, na mimi nataka kwenda kama wewe. Ila mimi sitaki mtu yeyote ajue niko wapi.”

Niliusoma mara tatu. Sentensi ya kwanza ni ya mtu anayetaka safari. Ya pili inatoka mahali pengine kabisa, na ndiyo iliyonifanya niandae somo hili.

Kwanza niwaeleze hiyo safari inavyokuwa, kwa sababu picha za mtandaoni zinadanganya. Mara ya mwisho nilipita barabara ya Dodoma kwenda Kondoa, nikaacha lami pale Chemba, nikashika njia ya vumbi kuelekea Kwa Mtoro, nchi ya Wasandawe. Kiroho ni eneo la Jimbo la Kondoa, jimbo changa lililoanzishwa mwaka 2011. Ni nchi ya mibuyu, migunga na makorongo ya mchanga. Pikipiki ikiingia mchangani usukani unayumba kama punda aliyegoma, na ukifunga breki ya mbele ghafla unakwenda chini. Unakaza magoti, unaacha gesi kidogo, unatazama mbali badala ya kutazama tairi. Petroli huko inauzwa kwenye chupa barazani mwa duka, na siku nyingine haipo, kwa hiyo kidumu cha akiba ni lazima. Na maji. Kiangazi cha Dodoma hakina huruma: korongo unaloliona kwenye ramani kwa rangi ya bluu, ukifika ni mchanga mtupu.

Saa kumi na moja jioni nilifika kijiji kimoja, nikauliza kwa mwenyekiti. Hili nalisisitiza kwa vijana mnaodhani pori halina mwenyewe. Karibu kila pori unaloliona lina wenyewe. Ardhi ya kijiji ni ya kijiji, inalindwa na sheria ya mwaka 1999, na upande ule kuna Pori la Akiba Swagaswaga ambako huwezi kupiga hema bila kibali. Mgeni anayelala kichakani bila kuaga mtu, usiku wakiona tochi yake, watamdhania mwizi wa mifugo. Na mnajua mwizi wa mifugo anafanywa nini.

Nikamkuta mzee amekaa chini ya mti. Nikamwamkia, “Shikamoo mzee.” “Marahaba. Karibu.” Nikajieleza: natoka Dodoma, naomba mahali pa kupiga hema usiku mmoja, kesho naondoka. Akatazama pikipiki, akatazama mzigo, akanitazama mimi. Akauliza kwa upole kabisa:

“Umekosana na watu wa kwenu?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwake mtu mzima mwenye akili timamu anayetaka kulala peke yake nje, wakati nyumba zipo, lazima kuna jambo. Nikamwambia hapana mzee, nyumbani ni salama, nimekuja kusali na kupumzika. Akasema, “Basi lala kwangu, utasali humo humo.” Tukaongea kama robo saa. Mwishowe akanionyesha shamba lililokwisha kuvunwa, mbali kidogo na nyumba, akaniambia nisikae chini ya mbuyu ule wa kwanza kwa kuwa una mizinga ya nyuki, na nisishuke korongoni. Akaniandikia namba yake ya simu kwenye boksi la viberiti, ingawa mtandao ulikuwa unashika ukipanda kichuguu tu.

Swali lake nimekaa nalo tangu siku hiyo. Nadhani ndilo swali la Biblia.

Fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya anamkimbia Malkia Yezebeli. Anafika Beer-sheba, na hapo mwandishi anaweka neno dogo ambalo ni rahisi kulipita: akamwacha mtumishi wake huko. Kisha akaingia jangwani mwendo wa siku moja, peke yake, akaketi chini ya mti na kumwomba Mungu afe. Mtu mmoja aliyekuwa naye amemwacha nyuma, na sasa anataka kwenda mahali ambapo hakuna atakayemfuata. Nabii mkubwa, siku chache baada ya ushindi wa Karmeli! Kwa hiyo usimcheke mtu, na usijicheke mwenyewe.

Tazama sasa Mungu anavyoshughulika naye. Hamkemei, wala hamhubirii. Kwanza analala. Malaika anamgusa: kuna mkate, kuna maji. Anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili: kula, maana safari ni ndefu. Huko Horebu ndiko anakoulizwa, na anaulizwa mara mbili, anafanya nini pale. Ukiniuliza mimi, ni swali lile lile la mwenyekiti. Eliya anajibu kwamba amebaki yeye peke yake. Wahubiri wengi hukaa sana kwenye ile sauti ndogo ya upole, nami naipenda, ila jibu la Mungu kwa upweke wa Eliya linakuja baadaye. Anamrudisha njia aliyojia, anamwambia wapo elfu saba wengine katika Israeli ambao hawajampigia Baali goti, na anampa jina la mtu: Elisha mwana wa Shafati. Sura inapokwisha, Eliya ana mwenzake.

Kanisa limeyashika haya kwa karne nyingi. Mt. Benedikto, katika sura ya kwanza ya Kanuni yake, anawasifu wakaapweke, lakini anawataka wawe kwanza wamefundwa muda mrefu ndani ya monasteri, pamoja na ndugu, kabla ya kwenda kupambana peke yao. Mt. Charles de Foucauld, ambaye Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2022, alikwenda Sahara kutafuta maisha ya siri na Mungu. Huko Béni Abbès, Algeria, alikofika mwaka 1901, mlango wake uligongwa tangu asubuhi mpaka jioni na maskini, wasafiri na askari. Alitamani waite nyumba yake udugu. Jangwa lake lilikuwa na hodi nyingi kuliko nyumba zetu za mjini zenye mageti.

Narudi shambani kwangu. Nilisafisha mahali pa hema, nikaondoa mawe na miiba ya mgunga, nikaegesha pikipiki upande wa upepo, kidumu cha petroli mbali na jiko. Moto wa kuni sikuwasha. Nyasi za mwezi wa saba zinawaka kama karatasi. Viatu nikaviingiza ndani kwa ajili ya nge. Saa moja na nusu giza lilikuwa limeshakaza, na nyota (jamani, nyota!) zilikuwa nyingi mpaka unashindwa kutafuta Msalaba wa Kusini.

Ilikuwa Ijumaa. Nilisali rozari, matendo ya uchungu, kisha nikafungua sala ya Kanisa ya kabla ya kulala. Wanaoisali wanajua Ijumaa zaburi yake ni ipi: ya 88. Ni zaburi ngumu kuliko zote. Nyingine za kilio hugeuka mwishoni zikashukuru, hii haigeuki. Inaanza na kilio na inaishia gizani, rafiki wote wameondolewa. Fisi alilia mara ya kwanza nikiwa katikati yake. Mwingine akamjibu upande wa korongo. Sitawadanganya, mwili ulisisimka, na sauti ya kusali ikawa ndogo.

Usiku ule mimi sikuwa na huzuni. Nilikuwa na baridi, na hofu ya fisi, basi. Maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya yule kijana aliyeniandikia, na wengine nisiowajua. Hapo nikaelewa kwa nini Kanisa linatuwekea zaburi hiyo kila Ijumaa, uwe na furaha au usiwe nayo: yupo mtu usiku huo anayeishi ndani yake na hawezi kusali hata nusu mstari. Wewe unamsalia. Na siku zamu yako ikifika, padre fulani kwenye nchi usiyoijua, na masista kwenye monasteri fulani, wanakusalia bila kujua jina lako. Hema lilikuwa na mtu mmoja, lakini sala ile haikuwa ya mtu mmoja.

Baadaye kidogo nikasikia nyayo, na sauti: “Hodi!” Alikuwa kijana wa mwenyekiti, ameleta uji kwenye chupa ya chai. “Baba amesema uone kama fisi hawajakutisha.” Tukanywa pamoja, akaniambia fisi wale wanafuata zizi, hawana habari na mimi. Akarudi zake. Nikalala mpaka saa kumi alfajiri, na nilipotoka nje kilimia kilikuwa kimeshapanda upande wa mashariki.

Sasa, kwako uliyeniandikia, na kwa yeyote mwenye sentensi kama ile moyoni. Nilikujibu kwa simu, na tumeshakutana, kwa hiyo hapa nasema na wengine. Kama unatamani mahali ambapo hakuna atakayekupata, hiyo bado si safari ya kupanga. Fanya kama Eliya: kula, lala, halafu mwambie mtu. Si lazima awe paroko; anaweza kuwa mama, kaka, mlezi wa VIWAWA, daktari. Mwambie kwa maneno ya wazi, “nimekuwa nikiwaza kupotea” au “nimekuwa nikiwaza kufa,” usimwachie akisie. Na wewe unayeambiwa, usikimbilie kumpa mistari. Malaika alianza na mkate, na alirudi mara ya pili.

Na anayetaka safari kweli, aende. Usiwe chini ya miaka kumi na minane, usiwe umejifunza pikipiki juzi, na usianze na mbali. Anza na usiku mmoja kwenye uwanja wa parokia ya kigango fulani, ukimwomba katekista. Watu wawili wawe na njia yako kwenye karatasi, pamoja na saa ya mwisho ambayo wakiwa hawajasikia kutoka kwako waanze kuulizia. Mimi saa yangu ni saa sita mchana ya siku inayofuata, na dada yangu huanza kupiga saa tano. Beba mpira wa akiba, viraka, pampu na spana. Bisha hodi kabla jua halijazama. Simu ibaki na chaji, lakini izimwe ukishaaga.

Kwa jumuiya na vikundi vitakavyotumia somo hili: someni Marko 1:32–39 yote, kisha 1 Wafalme 19:1–21, polepole, bila kuruka mwisho. Mjadili nani katika kikundi chenu hajaonekana mwezi huu, na nani atakwenda kumbishia hodi. Ijumaa usiku salini Zaburi ya 88, kila mtu kwake, saa tatu. Mimi nitakuwa Dodoma, kwenye kitanda cha kawaida, nikisali nanyi.