Muulize Shangazi: Shombo ya chumba cha baba mkwe

*Nimeolewa Mwaya, huu mwaka wa pili. Tunaishi nyumba ya ukoo, ya tofali za kuchoma, tangu enzi za babu. Chumba cha pembeni baba mkwe anawekea viroba vya dagaa wa usipa na vya kakao. Masika yakianza nyumba nzima inanuka, hadi nguo za mtoto kabatini. Nimechoma udi, nimepiga deki kwa jiki, wapi! Wageni siku hizi wanaishia barazani. Kumwambia baba siwezi, mila zetu unazijua. Mume wangu anasema hasikii harufu yoyote, najidai wa mjini. Nifanyeje?*
*Mkamwana, Mwaya, Kyela*

Mumeo hakudanganyi. Kazaliwa humo, na pua ikizoea harufu haiisikii tena. Atafute safari ya siku mbili tatu, na siku ya kurudi asimame kwanza mlangoni, avute pumzi. Mazungumzo yaanzie hapo.

Udi achana nao. Udi juu ya shombo unazaa harufu ya tatu, mbaya kuliko zote mbili.

Kwanza mjue mnapambana na nini. Kama harufu inashuka kutoka darini bati likipata jua, na chini ya paa kuna vinyesi kama vya panya lakini ukivikanyaga vinakuwa unga, hao ni popo, na shughuli yao ni nyingine. Ila kwa maelezo yako naona mawili: shombo ya usipa na uvundo wa ukuta.

Usipa una mafuta, na sakafu ya saruji ya zamani inayanywa. Kiroba kikiondoka, mafuta yanabaki. Sugueni kwa maji ya moto na sabuni, suuzeni, kisha mwagieni maji yenye limao nyingi au siki, yakae nusu saa. Ukali wa limao ndio unaoifunga shombo ya samaki, kama unavyofanya kwenye kitoweo. Jiki na limao visikutane kabisa. Vikichanganyika vinatoa hewa ya sumu. Kwa hiyo sakafu iliyopigwa jiki isuuzwe mara kadhaa kwanza. Na msikimbilie kupaka chokaa shombo ikiwa bado imo: chokaa inaifungulia, mtadhani usipa umerudi.

Ukuta nao una kisa chake. Mwaya ni tambarare, maji ya ardhini hayako mbali, na Kyela mvua zake hazina mchezo. Tofali linavuta maji kutoka chini. Ukiona rangi imevimba na kubanduka usawa wa magoti, ndiyo hiyo. Wengi hupaka rangi ya mafuta kuficha madoa, wakayafungia maji humo humo. Kwangueni, ondoeni udongo uliorundikana ukutani kwa nje, chimbeni mfereji maji ya paa yaende mbali. Kukikauka vizuri, hapo sasa pakeni chokaa. Inauacha ukuta upumue, na kuvu haiipendi. Nyumba za mianzi za Wanyakyusa wa zamani hazikuwa na shida hii. Upepo ulipita. Sisi tumejenga tofali na madirisha ya kuchungulia, halafu tunayafunga kwa kuogopa mbu. Wekeni wavu, muyafungue.

Sasa baba mkwe. Wewe usiseme neno, wala usipeleke ujumbe kupitia mtoto. Ni kazi ya mumeo, wakiwa wawili, na neno "kunuka" lisitajwe. Azungumzie kakao. Punje za kakao zinanyonya harufu yoyote iliyo jirani, moshi, mafuta ya taa, samaki, na mnunuzi anayejua kazi yake ataipata. Tena zikihifadhiwa kabla unyevu haujashuka hadi kama asilimia 7, zinaota kuvu ndani ya gunia, na sehemu ya uvundo wenu huenda inatoka huko. Mzee aliyehangaika kuvundika na kuanika hatakubali jasho lake lishuke bei kwa sababu ya usipa. Kakao ibaki ndani, juu ya chanja, mbali na ukuta. Usipa uhamie banda la nje.

Banda kama halipo, mumeo alijenge kwanza, ndipo aende kuongea.